Salvador, Bahia: ulale Pelourinho, Santo Antônio, Rio Vermelho au Barra?

Wengi wanaokwenda Salvador, mji wa jimbo la Bahia huko Brazil, hukata tiketi ya ndege kwanza, kisha ndipo wanaanza kuhangaika na malazi. Ramani inaonyesha mji mmoja. Ukishuka unakuta mitaa isiyofanana hata kidogo, kila mmoja na saa zake za kuchangamka na saa zake za kufunga milango. Pelourinho ya saa 5 asubuhi siyo ile ya saa 5 usiku. Rio Vermelho iliyokesha Ijumaa, Jumamosi asubuhi utaikuta imelala, viti vya plastiki vimepinduliwa juu ya meza. Kwa mtu aliyefuata maisha ya barabarani, yaani vyakula, ngoma, ibada za hadharani na soga za mlangoni, kuuliza "mtaa upi mzuri" hakumfikishi mbali. Afadhali ajiulize: nataka kuwa nje kwa miguu saa ngapi, na nikichoka narudije kulala?

Saa zote humu ni za Kiswahili. Salvador iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 6, kwa hiyo ukiacha saa yako ya mkononi bila kuibadilisha, itakusomea saa za Kiswahili za huko pasipo hesabu yoyote. Matangazo ya Wabrazili hufuata mtindo wa saa 24: 16h ni saa 10 jioni, 20h ni saa 2 usiku.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba mji huu, ulioanzishwa mwaka 1549 na kuwa makao makuu ya Brazil hadi 1763, umekaa ghorofa mbili. Kuna Mji wa Juu kwenye ukingo wa jabali na Mji wa Chini kando ya bandari. Lifti ya Lacerda, iliyofunguliwa mwaka 1873 na yenye urefu wa mita 72, inapandisha na kushusha watu kati ya hizo mbili kwa chini ya dakika moja na kwa nauli ndogo mno. Pelourinho na Santo Antônio ziko juu, mtaa mmoja ukiendelea kuwa mwingine. Barra iko kwenye ncha, pale ghuba inapokutana na bahari kuu, kama kilomita 5 kutoka Pelourinho. Rio Vermelho iko mbele zaidi, upande wa bahari kuu.

Vigezo

Kila mtaa tumeupima kwa mambo yale yale: saa zake, chakula cha barabarani, watu utakaowakuta, miguu na usafiri, na kile kinachowaharibia wageni safari. Bei ya vyumba hatukuifanya kigezo. Kuanzia Desemba hadi Kanivali inapanda kote, na miezi ya mvua, hasa Aprili hadi Julai, inashuka kote.

Malipo nayo ni yale yale kila mahali. Pix kwao ni kama M-Pesa kwa Mkenya: hata muuza jibini wa ufukweni ana kadi ya msimbo shingoni. Lakini Pix inataka akaunti ya benki ya Brazil, kwa hiyo mgeni atembee na noti ndogo za reais 5, 10 na 20. Noti ya 100 mbele ya meza ya chakula itakufanya usimame ukingoja chenji inayotafutwa kwa majirani.

Kwanza acarajé, maana utaikuta kote

Anayeijua bajia ya kunde ya Unguja ataitambua acarajé kwa macho, ila hii imekua ikafikia ukubwa wa ngumi na mafuta yake ni mawese. Kunde huvunjwavunjwa, hulowekwa, na huoshwa mpaka maganda yaelee na kutolewa, kisha husagwa pamoja na kitunguu na chumvi. Rojo lake hupigwa kwa mwiko wa mbao hadi lijae hewa. Hapo ndipo mpishi mzuri anapojulikana, kwa sababu rojo lisilopigwa vya kutosha hutoa acarajé nzito katikati, inayofyonza mafuta kama sifongo. Chungulia sufuria: mara nyingi kuna kitunguu kizima kinaelea kwenye mawese. Kimewekwa makusudi ili mafuta yasiungue upesi.

Ikishaiva hupasuliwa na kujazwa vatapá, ambayo ni uji mzito wa mkate au unga, karanga, korosho, kamba wakavu, tui la nazi na mawese. Juu yake huongezwa caruru ya bamia, kachumbari ya nyanya na kamba wadogo waliokaushwa. Abará ni rojo lile lile likifungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Ni laini zaidi, na wengi huiacha kwa sababu haina ule ukoko wa kumumunya. Wanakosea. Wakati wa joto abará inashuka tumboni kwa amani zaidi.

Muuzaji anaitwa baiana. Amevaa nguo nyeupe za lesi, kilemba, na shanga ambazo rangi zake huwa na maana katika Candomblé, dini ya Kibrazili yenye asili ya Afrika. Kazi yao iliandikishwa kuwa urithi wa taifa la Brazil mwaka 2005. Atakuuliza swali moja: "Quente ou frio?", moto au baridi? Swali hilo linahusu pilipili. Anayejibu "quente" akidhani ameomba chakula kilichotoka jikoni sasa hivi atatokwa machozi. Sema "pouca pimenta" upate pilipili kidogo.

Mengi hukosewa kwenye mawese. Mtu kutoka Kigoma, Bujumbura au Kongo hatapata taabu, lakini tumbo ambalo halijazoea linaweza kugoma usiku huohuo, kwa hiyo siku ya kwanza kula moja na uishie hapo. Mafuta yawe ya rangi ya chungwa iliyokolea. Yakiwa meusi na yanafuka moshi, pita. Mwenye mzio wa kamba au karanga asidanganyike na kusema "sem camarão", bila kamba: vatapá ina vyote viwili, na rojo la abará nalo mara nyingi hutiwa kamba.

Pelourinho

Saa zake. Mchana, kuanzia saa 3 asubuhi hadi jua kuzama, na Jumanne usiku. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa, kwa hiyo mwenye siku mbili tu asizipange Jumapili na Jumatatu.

Jumanne inastahili kuelezwa. Saa 12 jioni kuna misa katika kanisa la Rosário dos Pretos, lile la buluu kwenye mteremko, lililojengwa na udugu wa watu weusi katika karne ya 18. Nyimbo zake zinapigiwa atabaque, ngoma zile zile ndefu za Candomblé. Fika nusu saa kabla, vaa mavazi ya staha, na uiweke simu mfukoni mpaka misa iishe. Baada ya hapo watu hutawanyika uwanjani na vichochoroni, na ngoma za mtaani zikaanza. Olodum, kundi la ngoma lililoanzishwa mwaka 1979, lina nyumba yake hapa hapa. Ratiba yao hubadilika kwa msimu, kwa hiyo ulizia mlangoni kwao mchana, usitegemee ulichosikia kwa msafiri wa mwaka jana.

Chakula. Baiana wako kwenye uwanja wa Terreiro de Jesus. Ukingoni mwa uwanja huohuo kuna baa za cravinho, pombe ya miwa iliyolowekwa karafuu. Mpemba atacheka akisikia kwamba karafuu hulimwa kusini mwa jimbo hilohilo la Bahia.

Watu. Hapa tuseme ukweli: wageni ni wengi na wenyeji wanaoishi ni wachache. Ukarabati mkubwa wa miaka ya 1990 uliwahamisha wakazi wengi, nyumba zikageuka maduka na ofisi. Unaokutana nao barabarani wengi wako kazini: wasusi, wachoraji, wapiga ngoma, walinzi, wauza kofia. Hilo haliwafanyi kuwa wa bandia, ila mazungumzo yatakuwa ya biashara. Jina la mtaa lenyewe ni la nguzo walipofungwa na kuchapwa watumwa. Na si mbali na hapo, usiku wa kuamkia 25 Januari 1835, mwishoni mwa Ramadhani, Waafrika Waislamu walioitwa Malê waliinuka dhidi ya utumwa. Hakuna alama kubwa ya kukuonyesha, inabidi uje ukijua. Msafiri Mwislamu anayetafuta msikiti atauulizia mtaa wa Nazaré, jirani na mji wa kale.

Miguu na usafiri. Mawe ya njiani ni makubwa, ya duara na yaliyong'arishwa na miguu ya karne nyingi. Mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni, na mteremko wa uwanja (largo) wa Pelourinho ni mkali. Kandambili ziache chumbani, vaa raba zenye soli ya mpira. Sanduku la magurudumu litabebwa kichwani tu, maana teksi haziruhusiwi kuingia kwenye baadhi ya njia.

Kinachoharibu. Usumbufu wa aina tatu unajirudia. Wa kwanza ni mtu anayekupaka rangi nyeupe mkononi "zawadi", halafu anataja bei. Kunja mikono kifuani na useme "não, obrigado", au "obrigada" ukiwa mwanamke, bila kusimama. Wa pili ni utepe au mkufu unaofungwa kabla hujakubali. Wa tatu ni picha: wacheza capoeira (mchezo wa mapigano unaochezwa kwa muziki) wa uwanjani na baiana waliosimama mlangoni pa duka wanaishi kwa picha hizo, kwa hiyo patana kabla hujainua simu, au usiinue. Hatari yenyewe iko kwingine. Njia kuu zina taa na polisi, lakini vichochoro vinavyoshuka kuelekea Baixa dos Sapateiros havifai gizani, na miteremko ya kwenda Mji wa Chini haifai hata mchana kwa mgeni. Panda lifti. Mji wa Chini wenyewe, eneo la Comércio, hubaki tupu jioni na Jumapili.

Panamfaa nani. Mwenye siku moja au mbili, anayependa makanisa, makumbusho na ngoma, na ambaye saa 4 usiku amesharudi chumbani. Panamchosha anayetaka kukaa mahali pasipo mtu wa kumuuzia kitu.

Santo Antônio Além do Carmo

Saa zake. Asubuhi mapema, halafu kuanzia saa 10 jioni hadi saa 4 usiku hivi. Katikati ya mchana jua linapiga kuta na watu wako ndani.

Chakula. Ni kidogo barabarani, zaidi ni ndani ya baa na migahawa midogo ya Rua Direita. Nyingi zina roshani ya nyuma inayotazama ghuba. Mlango wa mbele unaweza kuonekana kama wa nyumba ya mtu, pita ndani mpaka nyuma kabla hujaamua. Meza za ukingoni huisha nusu saa kabla ya jua kuzama, na Salvador jua huzama mapema: karibu saa 11 na robo mwezi Juni, karibu saa 12 mwezi Desemba na Januari.

Watu. Hapa ndipo bado kuna baraza. Wazee hutoa viti mlangoni jioni, jirani hupita na mfuko wa mikate, mtoto hutumwa dukani. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar hatahitaji kufundishwa namna ya kupita: salimia. "Boa tarde" mchana, "boa noite" giza likiingia. Asiyesalimia hupita kama mtalii, anayesalimia siku ya pili huulizwa anatoka wapi. Kuanzia tarehe 1 hadi 13 Juni kuna sala za siku 13 za Mtakatifu Antonio, na uwanja wa kanisa hujaa vibanda.

Mwisho wa mtaa, kwenye uwanja, iko ngome ya zamani inayoitwa sasa Ngome ya Capoeira. Ndani yake kuna shule, na anayetaka kuiona roda, yaani duara la kuchezea, ya kweli, mbali na ile ya kuuza picha, aanzie hapo jioni. Ulizia siku za roda, kwa sababu siku za mazoezi wanafunzi wanarudia hatua tu. Katika mtindo wa capoeira uitwao Angola, ule wa mwalimu (mestre) Pastinha, utaona berimbau tatu zimesimama bega kwa bega: gunga yenye sauti nzito, médio ya kati, na viola inayochezacheza juu yao. Kila moja ni upinde wa mti na waya, na kibuyu kilichokatwa mdomo. Mpigaji anakibandika kibuyu tumboni na kukibandua ili sauti ifunguke na kuziba. Gunga ndiyo inayoamuru. Ikiita, wachezaji wawili huacha kila walichokuwa wanafanya na kurudi kuchuchumaa chini yake. Mgeni akae alipoonyeshwa, asikatize duara, asipige makofi kabla hajaona wenyewe wanapiga (kwenye Angola kwa kawaida hawapigi), na asiingie kucheza bila kuitwa, hata kama kwao ana mkanda.

Miguu na usafiri. Kutoka Pelourinho ni dakika 10 hadi 15 kwa kupanda Ladeira do Carmo, kisha njia inanyooka. Mabasi ni machache, usiku chukua gari la kuita kwa simu hata kama umbali ni mdogo, kwa sababu kipande cha kati huwa hakina watu.

Kinachoharibu. Kutegemea kwamba kila kitu kitakuwa chini ya mlango wako. Duka la dawa, mashine ya kutolea pesa na supamaketi kubwa utavifuata mbali. Toa pesa mchana, ndani ya benki au jengo la maduka.

Panamfaa nani. Wawili wawili, watu wa kusoma na kuandika, na anayekaa siku nne au zaidi. Ni mtaa unaolipa kwa kurudiwa, kwa hiyo mwenye usiku mmoja hataonja chochote zaidi ya mandhari.

Rio Vermelho

Saa zake. Usiku, Alhamisi hadi Jumamosi hasa. Mtaa huanza kupumua saa 11 jioni baiana wanapopanga meza zao, na hufika kileleni kati ya saa 3 na saa 7 usiku.

Chakula. Kwa acarajé huu ndio mtaa wa ubishi. Largo de Santana kuna vibanda vya Dinha na Regina, Largo da Mariquita kuna cha Cira, na kila mwenyeji ana chake anachokiapia. Namna ya kufanya ni hii: mmoja ashike foleni, mwingine atafute meza ya plastiki na kuagiza bia. Chupa ya mililita 600 huja ndani ya kifuko cha kuhifadhi baridi pamoja na glasi ndogo kadiri ya watu, na kila mtu humimina kidogo kidogo ili isipate joto mkononi. Asiyekunywa ataagiza maji ya dafu au sharubati ya matunda, na hakuna atakayemtazama mara mbili. Meza mara nyingi ni za baa na acarajé ni ya baiana, kwa hiyo utalipa mara mbili, kwa watu wawili tofauti. Huo si wizi, ndivyo uwanja ulivyogawanywa.

Watu. Wenyeji wa mji mzima: wanafunzi, wanamuziki, wafanyakazi waliotoka ofisini. Mwandishi Jorge Amado na mkewe Zélia Gattai waliishi hapa, Rua Alagoinhas namba 33, na nyumba yao imekuwa makumbusho tangu 2014. Wavuvi wapo bado, na ufukweni iko nyumba ndogo ya Iemanjá, mola wa bahari.

Tarehe 2 Februari ni siku yake. Foleni ya kuweka maua na manukato kwenye makapu huanza kabla ya alfajiri, na mashua huyapeleka baharini kama saa 10 jioni. Anayetaka kuona ibada aje alfajiri, kwa sababu kuanzia adhuhuri ni muziki, bia na msongamano. Leta maua tu. Chupa ya manukato imwage kwenye maua uondoke na chupa yako, plastiki na vioo wavuvi wenyewe hawavitaki majini. Vaa nyeupe au buluu hafifu.

Miguu na usafiri. Tambarare kuliko mji wa juu, na mabasi ni mengi mchana. Kurudi Pelourinho usiku ni kwa gari tu.

Kinachoharibu. Kelele. Ukichukua chumba kinachotazama Largo, hutalala kabla ya saa 8 usiku, kwa hiyo omba cha nyuma au barabara ya pili kutoka uwanjani. Na usije hapa kwa kuogelea: miamba ni mingi na maji si safi.

Panamfaa nani. Anayekula barabarani, anayependa kuchangamana, anayeamka saa 4 asubuhi. Mwenye watoto wadogo aje kula saa 11 jioni na kuondoka saa 2.

Barra

Saa zake. Asubuhi kuanzia saa 12, kisha jioni jua linapozama. Porto da Barra unatazama magharibi, ndani ya mdomo wa ghuba, kwa hiyo jua linazamia majini, jambo adimu kwenye pwani ya Brazil inayotazama mashariki. Watu hukusanyika kwenye nyasi za mnara wa taa wa Farol da Barra na jua likimalizika hupiga makofi.

Chakula. Jibini ya coalho kwenye kijiti, iliyochomwa mbele yako kwenye kopo la mkaa linalobebwa mkononi kwa waya. Mchuuzi analipepea kwa kulizungusha mpaka makaa yawake, jibini inaota ngozi ya kahawia bila kuyeyuka, kisha anauliza kama unataka oregano au asali ya miwa. Ile ya kuchomwa juu juu inabaki na chumvi ya mpira, mwambie "bem tostado", ichomeke sawasawa. Baiana wapo, ila kwa acarajé afadhali Rio Vermelho.

Watu. Mchanganyiko: familia, wazee wa mazoezi ya asubuhi, vijana wa mitaa ya mbali wanaoshuka na basi Jumapili. Siku hiyo mchanga hauonekani. Wenyeji wanaosema "usiende Jumapili" wanakunyima siku yenye watu wenye furaha zaidi, ila uende bila kitu cha thamani.

Miguu na usafiri. Njia ya kando ya bahari ni pana na tambarare, nzuri kwa kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu, jambo ambalo Pelourinho haiwezi. Ukitoka uwanja wa ndege, metro ina basi lake la bure hadi kituo, ukibadilisha Acesso Norte unafika Lapa, na kutoka hapo basi au gari hadi Barra. Mwenye masanduku makubwa achukue gari moja kwa moja.

Kinachoharibu. Viti na miavuli ya kukodi: uliza bei kabla ya kukaa, na kama ni kwa siku nzima au mpaka unywe kiasi fulani. Maji yakijaa mchanga hubaki ukanda mwembamba, angalia jedwali la maji kabla ya kupanga. Simu mkononi kwenye njia ya kando ya bahari usiku ni mwaliko. Wakati wa Kanivali barabara hii ni njia ya malori ya muziki, trio elétrico, na magari hayaingii. Atakayefika Alhamisi ya kwanza ya Kanivali atatembea na mizigo yake katikati ya umati.

Panamfaa nani. Familia, wanaoogelea, na anayetaka mtaa wa kawaida wenye duka la dawa kila kona. Anayetafuta ngoma na historia atapanda gari kila siku.

Nusu siku kwa yeyote: Bonfim na Ribeira

Hapa hatupendekezi kulala, ila popote utakapolala, tenga asubuhi moja. Kwenye uzio wa kanisa la Bonfim kumefungwa maelfu ya tepe za rangi. Utepe wa jadi una sentimita 47, hufungwa kwa mafundo matatu na kila fundo lina ombi lake, kisha huachwa ukatike wenyewe. Nunua wako kwa anayeuza bandali, usikubali wa "bure". Kutoka hapo nenda Ribeira kula aiskrimu ya matunda kwenye duka la ufukweni lililopo tangu 1931. Alhamisi ya pili baada ya tarehe 6 Januari, watu huvaa nyeupe na kutembea kilomita 8 kutoka kanisa la Conceição da Praia hadi Bonfim, na baiana huosha ngazi kwa maji ya manukato. Chukua maji na kofia, na usitegemee gari la kurudi kabla ya alasiri.

Kwa kuamua

Una siku mbili na mojawapo ni Jumanne: Pelourinho, chumba kisichotazama uwanja.

Una wiki: siku tatu za kwanza Santo Antônio, zilizobaki Barra au Rio Vermelho. Kuhama kwenyewe ni nusu saa ya gari, na kunakuokolea safari nyingi za usiku.

Una watoto au mzazi mwenye magoti mabovu: Barra. Nenda Pelourinho kwa gari asubuhi, shukia Terreiro de Jesus palipo tambarare, rudi kabla ya chakula cha mchana.

Unasafiri peke yako na hujui Kireno: Barra kwa usalama wa kuzoea, au Rio Vermelho kama unaweza kukaa meza moja na watu usiowajua. Santo Antônio inahitaji angalau salamu.

Umekuja kwa capoeira: Santo Antônio, bila kusita.

Umekuja tarehe 2 Februari: lala Rio Vermelho usiku wa tarehe 1, hata kama ni ghali, kwa sababu alfajiri barabara zimeshafungwa. Ukikosa chumba, lala Barra na utembee kando ya bahari pamoja na wenyeji wanaokwenda huko huko, kilomita 5 au 6 hivi.

Na popote utakapochagua, kabla ya kuondoka nyumbani chanja homa ya manjano angalau siku 10 mapema na uitunze kadi: Tanzania na Kenya huiulizia kwa anayerudi kutoka Brazil. Beba adapta, kwa sababu soketi zao ni za pini za duara, na pasi yako ya volti 240 iache, umeme wa Salvador ni volti 127.